Nimefungua ofisi ya kutengeneza kompyuta, mbona watu wanapita tu?

Barua za safari hii nyingi zimetoka kaskazini, na karibu zote zinazunguka ishu moja, fundi kompyuta na wateja wake. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu najua wako wengi wenye shida ya huyu kijana ila hawaandiki, hizo nyingine nimezigusa. Nimezifupisha kidogo, maana kuna mmoja ametuma kurasa na kurasa hadi na habari za babu yake aliyekuwa fundi saa.

Shikamoo Anko. Nimesoma diploma ya kompyuta, nikakaa chini ya fundi mmoja mjini Moshi mpaka nikaiva, sasa nimechukua fremu yangu nyuma ya soko la Mbuyuni. Kodi nimelipa miezi sita na ndo imekula hela yote ya matangazo. Nimeprinti vipeperushi nikagawa stendi na karibu na chuo cha Ushirika, Instagram naposti kila siku, like zipo ila ni za washkaji niliosoma nao. Watu wanapita mlangoni, wanasoma bango, wanaendelea na safari zao. Kipeperushi kinasema: KARIBUNI SANA! TUNATENGENEZA KOMPYUTA AINA ZOTE, LAPTOPU, PRINTA, SIMU, TV NA REDIO, TUNAPIGA WINDO, TUNAWEKA MUVI NA NYIMBO, TUNAUZA MAKAVA NA CHAJA, BEI POA, HUDUMA BORA NA YA HARAKA. Kuna watu wananishauri nikope niweke tangazo redioni. Nikope? Fundi wa Mbuyuni, Moshi.

Marahaba kijana wangu. Usikope, tuanze na hilo. Redio ni nzuri lakini inasikika kuanzia Hai mpaka Rombo, na mtu wa Rombo hawezi kupakia kompyuta ya mezani kwenye Hiace, konda amchaji siti mbili, awapite mafundi wote wa Himo ili akufuate wewe Mbuyuni ambaye hakujui. Wateja wa kazi yako wako jirani, wanakuja kwa miguu au kwa boda, kwahiyo hela ya matangazo ikipatikana iishie mjini kwanza.

Sasa hicho kipeperushi. Hebu jifanye we ndo mama mwenye steshenari pale Double Road, laptopu ya kazi imezima jana jioni na ndani yake kuna ripoti za fildi za wanafunzi wa Ushirika ambao asubuhi watakuja kuzidai. Kipeperushi chako kinamwambia nini? Kwamba unatengeneza TV, unauza makava na unaweka muvi. Kuhusu kinachomnyima usingizi hujasema kitu. Huyo mama anaogopa mambo ambayo mji mzima unayajua ila nyie mafundi mnajifanya hamyajui: laptopu kuingia na RAM (memori inayoisaidia kufanya kazi haraka) ya GB 8 ikatoka na ya GB 4, betri nzima kubadilishwa na iliyochoka, kuambiwa njoo kesho mpaka wiki inaisha, bei kuanzia elfu ishirini ikaishia laki, na mafaili yake kufutwa au kuchunguliwa. Mafundi Moshi wapo kibao, watu wanatafuta wa kumwachia mashine wakaenda nyumbani wakalala. Tangazo lako lijibu hiyo hofu. "Huduma bora na ya haraka" hata yule anayekaa na laptopu ya mtu mwezi mzima ameiandika mlangoni kwake.

Mi ningeandika hivi:

*LAPTOPU IMEZIMA AU IMEKUWA NZITO? Tunaifungua mbele yako, tunaandika RAM, diski na betri yako kwenye risiti kabla hujaondoka. Kucheki tatizo elfu tano, ukitengeneza kwetu inakatwa kwenye bei. Hatuongezi bei bila kukupigia. Kifaa kibovu tukikitoa unarudishiwa mkononi. Nyuma ya soko la Mbuyuni, mlango wa bluu, ulizia fundi laptopu.*

Alafu namba ya simu, herufi kubwa. Hiyo elfu tano weka yako unayoiweza, ila iwepo, kwasababu mtu akiona namba anajua anaingia na shingapi mfukoni, na wewe unapunguza wale wa kukuchekisha mashine bure alafu wanaondoka kwenda kwa mwingine na jibu lako. TV, redio na makava toa. Najua unaogopa kupoteza hela ya kava, uza tu zikiwa kwenye kabati lakini zisikae kwenye tangazo, mtu anayebeba laptopu ya laki nane anataka kumpa mtu ambaye laptopu ndo kazi yake.

Ukishaandika hivyo inabidi ufanye hivyo kweli, na hapo ndo tangazo lenyewe lilipo. Mteja akifika, kama mashine inawaka, fungua Task Manager palepale kwenye kaunta, mwonyeshe RAM ni ngapi, diski ni ya ukubwa gani, andika. Kama haiwaki fungua mfuniko wa chini, mwonyeshe stika ya RAM na ya diski, na yeye apige picha kwa simu yake mwenyewe, sio yako. Andika seriali namba, ile namba ya kuitambulisha mashine. Mwulize mafaili muhimu yako wapi na kama ana kopi pengine. Nakala moja ya risiti abaki nayo yeye. Zoezi lote halimalizi chai, lakini huyo mtu akifika ofisini kwake atasimulia, maana hajawahi kufanyiwa, na wenzake wa ofisi nao wana laptopu.

Kitu kingine cha kuweka kaunta, tafuta laptopu mbili za zamani za aina moja, moja iache na hadidiski yake ya kuzunguka, nyingine weka SSD, ile diski mpya isiyozunguka. Mtu akija analalamika mashine yake nzito, ziwashe zote mbili kwa pamoja mbele yake. Ile ya SSD itakuwa imeshafungua kila kitu wakati mwenzake bado inazungusha viduara. Hapo huhitaji maneno, mteja mwenyewe ataulizia bei. Hiyo video ndo uposti Instagram na kwenye stetasi, badala ya hizo picha za "Ijumaa njema" zenye logo yako kwenye kona.

Afu kuna hii ya Windows 10, ambayo naona mafundi wengi wa huku wameiacha ipite. Microsoft walisitisha saporti yake tarehe 14 Oktoba 2025, na maofisini bado imejaa kwasababu mashine nyingi zilizopo ni used za miaka ya nyuma. Windows 11 inataka mashine yenye TPM 2.0 (kichipu cha usalama), RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kama ni Intel prosesa kwa kawaida iwe kizazi cha nane kwenda juu. Mtu wa kawaida hivyo vitu hajui aviangalie wapi. Tangaza kwamba Jumamosi kuanzia saa nne mpaka saa nane unacheki bure kama kompyuta ya mtu inabeba Windows 11. Wakija usiwatishe, kuna mafundi wanawaambia watu eti mashine itazima yenyewe, huo ni uongo, mashine inaendelea kufanya kazi ila bila masasisho ya usalama inazidi kuwa hatarini, hasa kwa mtu anayefanyia mambo ya benki. Mwambie ukweli, wengine hawatakupa hata mia siku hiyo lakini namba yako watatoka nayo.

Na kwenye hilohilo la kupiga windo, usije ukaandika unaweka Windows na Office za bure, wala hizo muvi. Achilia mbali kwamba ni kuvunja sheria ya hakimiliki, ofisi yenye mhasibu anayejielewa ikisoma hivyo haikupi kazi. Na wewe unazitaka ofisi, kwasababu mwanafunzi ana laptopu moja na ofisi ina kumi na printa tatu.

Ofisi za Moshi zina misimu yake, hapa nisikilize vizuri. Kampuni za kupandisha wageni mlimani zinabanana kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena Januari na Februari. Ukienda kuwatangazia Julai watakuitikia tu ili uondoke. Nenda Aprili na Mei, masika imekolea, wageni wachache, ofisi zimetulia, waambie unafanya sevisi ya mashine zote palepale ofisini kwao kabla msimu haujaanza: kupuliza vumbi, kubadilisha thamo pesti (ile dawa ya kupoza prosesa), kuangalia betri, kutengeneza bakapu, yaani nakala za akiba za mafaili. Beba karatasi moja yenye bei kwa kila mashine, TIN yako na nakala ya leseni, wakiona hivyo wanajua hata risiti watapata. Shule na ofisi za serikali ni safari nyingine, manunuzi yao yanapita kwenye mfumo wa NeST, jisajili taratibu ila usitegemee hela ya kodi kutoka huko sasa hivi.

Alafu Desemba. Mchaga popote alipo Desemba anapanda nyumbani, wewe unajua foleni ya kuanzia Mombo kuja juu. Wanakuja na laptopu zao, na za watoto, na wengine wanakuja na maswali ya kompyuta gani wamnunulie mdogo wao anayeenda chuo. Vipeperushi vyako vya Desemba usigawe stendi, mtu akishuka stendi ana mabegi na watoto na anawaza usafiri wa Marangu, atakitupa hapohapo. Viache kwenye steshenari, kwenye saluni, kwa muuza vifaa vya umeme. Na andika kabisa kwamba kazi inaisha kabla hawajarudi Dar, utaje tarehe ya mwisho ya kupokea.

Mtandaoni punguza mbio. Kitu cha kwanza ni wasifu wa biashara wa Google, ule unaokufanya uonekane kwenye ramani mtu akitafuta fundi laptopu Moshi, ni bure. Weka picha ya mlango wako wa ukweli, saa za kufungua, na namba. Mteja akiridhika mwombe aandike maoni palepale, wala usiwatumie washkaji wakuandikie za uongo maana zinajulikana na Google wanazifuta. Cha pili WhatsApp Business, hiyo ina katalogi na majibu ya kujitumia yenyewe ukiwa bize na soldaringi. Ila elewa kitu kimoja, ile orodha ya kutuma meseji kwa watu wengi mara moja inabeba 256 na haimfikii mtu ambaye hajaseivu namba yako. Kwahiyo mteja akiwa bado kaunta mwambie aiseivu, "Fundi Laptopu Mbuyuni", sio jina lako la ubatizo, kwasababu mwakani mashine ikizima atatafuta neno laptopu kwenye simu, jina lako atakuwa kashasahau. Magrupu ya kwaya na ya wazazi wa shule usiyavamie na matangazo, utatolewa na aibu juu.

Bango la mlangoni kabla hujaongeza kubwa zaidi pita manispaa uulize ushuru wake, wasije wakalishusha.

Anko habari. Mimi ni dada niko Sakina Arusha, tumefungua na mwenzangu sehemu ya kurepea laptopu na printa. Kuna mawinga wamekuja wanataka cha juu kwa kila mteja watakayemleta, na kuna mtu anasema hela hiyo bora niboosti posti Instagram. Nifuate lipi? Dada wa Sakina.

Nzuri dada yangu. Winga wa kusimama barabarani anavuta watu mkono kwenye nguo na simu sawa, kwenye kutengeneza atakuharibia, kwasababu anamwahidi mteja bei yake kichwani, mteja akifika kwako anakuta nyingine, na anayeonekana tapeli ni wewe. Winga unayemtaka ni mwenye steshenari. Mashine yake ikizima hela yake inasimama, na watu wanaokuja kuprinti wanamlalamikia laptopu zao kutwa nzima. Kuanzia Mianzini mpaka Ngaramtoni wako wengi, chagua wachache. Mkubaliane hivi: yeye anaelekeza tu, bei hataji, na cha juu chake kinatoka kwenye hela yako ya ufundi, sio kwenye spea, maana ukianza kukata kwenye spea utajikuta unanunua kioo cha kiwango cha chini ili hesabu ikae. Mlipe siku ileile mteja akichukua mashine, mtumie kwenye simu hata kama ni elfu tatu. Steshenari akilipwa kwa wakati hakusahau.

Kuboosti sio vibaya ila wengi wanachoma hela kwa kuacha tangazo liende Tanzania nzima, unapata like za Mtwara. Pale kwenye kuchagua eneo weka Arusha na uikaze kilomita chache kuzunguka Sakina, alafu kitufe cha tangazo kipeleke WhatsApp moja kwa moja, usimpeleke mtu kwenye ukurasa akaishia kuangalia picha. Anza na hela ndogo kwa siku chache, hesabu waliokuja mlangoni na mashine, hao ndo wanaohesabika. Kwenye printa nyie mna bahati kuliko huyo kijana wa Moshi, mafundi printa ni wachache na ofisi zinawahitaji, printa iende juu kabisa ya tangazo.

Anko shikamoo, mimi ni mwalimu hapa Himo. Nilipeleka laptopu kubadilishiwa kioo. Kazi ilikuwa nzuri, ila jioni nikakuta fundi ameiposti kwenye stetasi yake ikiwa imewashwa, kwenye kioo picha yangu na mume wangu tukiwa nyumbani, na faili lenye matokeo ya wanafunzi linasomeka jina. Kaandika "kazi imeisha, karibuni". Nimekasirika mpaka basi lakini naambiwa nakuza mambo. Mwalimu, Himo.

Marahaba mwalimu. Hukuzi chochote. Toka tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha yako wewe pamoja na matokeo ya watoto ni taarifa za watu, sio mali ya kutangazia kazi ya mtu mwingine. Mpigie kwanza, mwambie afute na asirudie, wengi wanafanya kwa kutojua na kazi yake umesema ni nzuri. Akijibu jeuri chukua skrinshoti, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Na kama mtu ameingia kwenye mafaili yako bila ruhusa kuangalia yasiyomhusu, hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina la kusema.

Mafundi mnaosoma hapa, picha ya kazi piga mashine ikiwa imezimwa au kioo kikiwa kwenye ukurasa wa kuweka nywila, ficha seriali namba na stika ya ofisi, na mwombe mwenye mali kwa meseji ili jibu lake libaki. Akikataa, posti ile laptopu yako ya kaunta. Na ukibadilisha kioo huna sababu ya kuomba nywila ya mtu, kioo kinajaribiwa bila kuingia ndani. Mteja akiona humwombi nywila, hiyo atawasimulia walimu wote wa shule.

Anko, nimefungua Tengeru, nataka kukodi gari la matangazo lizunguke siku za soko Jumatano na Jumamosi na spika kubwa. Wazo zuri? Kijana wa Tengeru.

Hapana. Anayekuja soko la Tengeru anakuja na ndizi au anakuja kununua ndizi, laptopu ameiacha nyumbani kama anayo, na katikati ya kelele zile hakuna atakayeshika namba yako. Juu ya hapo kuna kibali cha halmashauri, na NEMC, wale wa mazingira, nao wana kanuni zao za kelele. Una chuo cha Maendeleo ya Jamii na una Nelson Mandela hapohapo jirani, kuna wanafunzi na watafiti wenye kazi zao zote ndani ya mashine moja. Nenda ofisi ya serikali ya wanafunzi, omba wakuruhusu ukae na meza saa chache kipindi ambacho watu wanamalizia ripoti, kazi yako iwe kuwatengenezea bakapu tu kwa bei ndogo. Beba ekstensheni yako na diski mbili za nje, na daftari la kuandikisha kila mashine unayoigusa.